Sanduku la Udongo wa Taifa

Sisi raia wa Jamhuri ya Tambarare ni watu wenye bahati sana, na ninayasema haya nikiwa na akili zangu timamu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba ambacho mlango wake unafungwa kwa nje. Nasikia nchi nyingine zina udongo wa kila namna. Ukivuka mto unakuta mchanga, ukipanda kidogo unakuta mwekundu, ukishuka bondeni unakuta mweusi, na wahandisi wao hawapati usingizi. Kwetu hakuna usumbufu huo. Kwetu udongo ni wa aina moja kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo ilipitishwa kwa kauli moja na wabunge ambao tangu wachaguliwe hawajavua viatu.

Haina maneno mengi. Ilibandikwa ukutani juu ya meza yangu kwa miaka kumi na tisa: Nchi Moja, Watu Wamoja, Udongo Mmoja. Anayesema udongo wa huku haufanani na wa kule anaigawa nchi, na wagawa nchi wana mahali pao pa kupelekwa. Zamani sikujua ni wapi. Sasa najua, ni hapa.

Jina langu ni Machibya, na nilikuwa Mtunza Udongo Mkuu katika Wizara ya Barabara. Najua unataka kucheka. Cheka tu, lakini cheo hicho kilikuwa na ofisi yenye pazia, mhuri wa duara na mtu wa kuniletea chai. Kazi yangu ilikuwa kulinda sanduku. Lilikuwa la kioo, kubwa kama debe, lenye pembe za shaba na kifuniko cha chuma kilichokazwa kwa skrubu nane baada ya panya kuingia mwaka fulani. Katikati ya kifuniko palikuwa na tundu la kupitisha kijiko. Ndani yake ulikaa Udongo wa Taifa, uliochimbwa kwa gwaride na mizinga katika kilima alikozaliwa Mwasisi.

Ulikuwa udongo mzuri, siwezi kuusingizia. Ile changarawe nyekundu yenye chembe kubwa na ndogo zinazoshikana, ukiishindilia inakuwa ngumu kama tofali na maji yanapita juu yake yakienda zake. Ungejenga barabara juu yake ukasahau. Kosa halikuwa la udongo ule.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Barabara ikitaka kujengwa, iwe mashariki au magharibi, mlimani au bondeni, mkandarasi analeta barua. Mimi nachota kijiko kimoja sandukuni. Maabara inapima kile kijiko, jibu linatoka: Imara. Nagonga mhuri. Kwa miaka kumi na tisa hatukuwahi kupata jibu lingine, jambo lililotufanya tujivune mbele ya majirani zetu. Siku ya uzinduzi Waziri anachukua kijiko kingine, anakinyunyiza pale barabara inapoanzia, ili udongo wa mahali pale uone mfano mwema na kuuiga. Wananchi wanapiga makofi. Nami nilipiga, na mikono yangu ilikuwa myepesi.

Ni kweli barabara zilibomoka. Lakini kila mara sababu ilipatikana: mvua kunyesha bila taarifa, malori kubeba mizigo, au wananchi kutembea upande mmoja tu wa barabara kwa kufuata kivuli.

*

Nyamizi aliingia ofisini kwangu mwaka ule ilipopangwa barabara ya lami ya kukata Mbuga ya Ndulilo. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mwembamba asiyependa maneno, mzaliwa wa Masela, kijiji kilicho ng'ambo ya mbuga. Alibeba kiroba mgongoni. Alinisalimia shikamoo, akakitua juu ya meza yangu, na ndani yake kulikuwa na udongo.

Nilisimama kwa hofu. Katika historia ya Wizara, hakuna aliyewahi kuleta udongo kutoka mahali barabara inapojengwa.

Ulikuwa mweusi, mzito, umekauka na kuwa mabonge. Alisaga kiasi, akajaza glasi nusu. Akajaza glasi nyingine nusu kwa Udongo wa Taifa. Akamimina maji kote kote, akaniomba niziache pale mpaka kesho. Kesho yake ule mwekundu ulikuwa umetulia palepale. Mweusi ulikuwa umepanda mpaka ukingoni na kuanza kumwagika kwenye mafaili yangu.

"Mzee, huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia," Nyamizi aliniambia. "Ukiuwekea lami juu, kila masika utaiinua na kila kiangazi utaiangusha. Hauna ubaya, ndivyo ulivyo."

Aliandika taarifa ya ukurasa mmoja. Udongo mweusi uchimbwe na kuondolewa mpaka kina cha kifua cha mtu, pajazwe changarawe nyekundu kutoka kilima cha jirani. Kama hilo ni kazi kubwa, basi uchanganywe na chokaa, tuta liinuliwe, na mitaro iwekwe mbali ili maji yasikae ubavuni mwa barabara. Na kama hayo yote hayawezekani, aliomba jambo moja tu: barabara ya zamani, ile ya vumbi inayopita mgongoni mwa kilima, iachwe wazi. Ile inazunguka, inamchelewesha mtu saa nzima, lakini imelala juu ya udongo mwekundu na haijawahi kumzamisha mtu. Mababu wa Masela waliichagua kwa miguu yao bila kuwa na maabara.

Nilimuuliza kwa nini anajitafutia matatizo. Alisema mdogo wake, Kabula, yuko Masela na ana mimba. Mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, na daktari alimwonya kwamba wa pili asijaribu kumzalia nyumbani. Hospitali iko Kitongo, upande wa huku wa mbuga. Hesabu ya miezi ilikuwa inaangukia Machi, mvua zikiwa zimechanganya.

*

Kamati ya Uchunguzi ilikaa wiki iliyofuata. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na mwenyekiti wake alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Kasimbazi Ruhago, Waziri wa Barabara na Usawa wa Ardhi. Udaktari wake alipewa na chuo alichokizindua. Mimi niliitwa kama shahidi nikiwa na sanduku langu mapajani.

Mjumbe wa kwanza alitaka kujua kama Nyamizi ana maana kwamba udongo wa Ndulilo si wa Tambarare. Wa pili aliuliza ni nani aliyeutuma udongo ule uvimbe. Wa tatu, mwanasheria, alisema hata kama udongo unavimba, hakuna kifungu kinachouruhusu kufanya hivyo. Nyamizi aliwajibu wote kwa upole, kwa takwimu, akaomba wazitazame zile glasi mbili. Glasi zilikuwa zimeshataifishwa kama vifaa vya uchochezi.

Kisha Waziri akasimama. Alizungumza kwa saa moja na robo, na sehemu iliyonikaa kichwani ni hii:

"Tulipopigania uhuru, hatukuuliza udongo huu ni mweusi au mwekundu. Tuliumwagia damu wote. Leo anakuja binti na glasi, anauambia udongo mmoja wewe ni imara, mwingine wewe si imara. Huu ni ubaguzi. Na serikali yangu haitaondoa udongo wa wananchi wa Ndulilo mpaka kina cha kifua, kwa sababu tukianza na udongo, kesho tutawaondoa wananchi wenyewe."

Wajumbe walilia. Nyamizi hakufungwa, kwa kuwa serikali yetu ina huruma. Alihamishiwa bustani ya Wizara kumwagilia maua, maana ilionekana anapenda udongo.

Barabara ikajengwa kwa miezi minne. Katapila halikuchimba hata kina cha kiganja. Walikwangua nyasi, wakamwaga kokoto juu ya weusi ule uliokauka, rola likapita mara tatu, lami ikafuata. Ilimeta. Na kwa kuwa Waziri alihofu kwamba watu wachache wenye nia mbaya wangeendelea kupita mgongoni na kuiaibisha barabara mpya, aliagiza ile ya zamani ikatwe. Greda lilichimba mtaro mpana mahali pawili, wenye kina cha kumzidi mtu. Nyamizi aliandika barua akiomba mitaro isichimbwe kabla ya Aprili. Alijibiwa kwa barua yenye nembo kwamba ombi lake limepokelewa na limependeza.

*

Siku ya uzinduzi nilikwenda na sanduku, nimevaa suti ya Wizara na beji. Wanawake wa Masela walikuwa wameletwa kuimba. Mmoja wao alikuwa na tumbo kubwa na macho ya Nyamizi, na sikuhitaji kuambiwa ni nani. Waziri alipomaliza kunyunyiza kijiko chake na ngoma kutulia, mwanamke huyo alinifuata pale nilipokuwa nafunga sanduku.

"Mzee, wewe ndiye wa vipimo," Kabula alisema. "Dada ananiambia nihamie Kitongo mapema, lakini sina pa kufikia, na mtoto wa kwanza nitamwacha na nani? Niambie tu. Hii barabara itakaa mpaka mvua?"

Nilijua. Nilikuwa nimeziona zile glasi kwa macho yangu, nilikuwa nimefuta tope jeusi kwenye mafaili kwa kitambaa changu mwenyewe. Lakini Waziri alikuwa hatua tano kutoka pale, na beji ilikuwa inang'aa kifuani.

"Itakaa, mwanangu," nilimwambia. "Imepimwa."

Alinishukuru. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu mzima, akarudi kwa wenzake kuimba.

*

Mvua zilianza wiki ya pili ya Machi. Maji yalijaa pande zote mbili za barabara, hayana pa kwenda, kwa sababu mitaro yote ya nchi ilikuwa imechimbwa kule mgongoni. Udongo mweusi ukanywa. Siku ya tatu kingo zilipasuka kwa urefu, ufa mmoja kulia na mwingine kushoto, umbali wa kutupia macho. Siku ya tano lami iliinuka hapa na kudidimia pale, maji yakaingia kwenye nyufa, na kokoto zikazama ndani ya tope kana kwamba hazikuwahi kumwagwa. Siku ya sita, asubuhi, Kabula alishikwa na uchungu.

Gari la wagonjwa lilitoka Kitongo likazama mpaka kwenye ekseli katikati ya mbuga. Wanaume wa Masela walimbeba Kabula kitandani kwenda mgongoni, wakafika kwenye mtaro wa kwanza na kuukuta umejaa maji, kingo zinaporomoka. Walijaribu kuvuka, kitanda kikataka kupinduka. Wakarudi. Wakashuka naye mbugani, tope likiwafika magotini, kila mguu ukitoka na bonge la kilo kadhaa, wakibadilishana mabega, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Alikufa kabla hawajalifikia gari, karibu na bango la Wizara lililoandikwa kwamba barabara hii imepimwa na ni imara. Mtoto alikufa naye.

Nimejitahidi kuisimulia habari hii kwa adabu kama nilivyofundishwa kazini. Hapa adabu imenishinda. Nina hasira. Nina hasira na Waziri, na wale kumi na mmoja waliolia kwa ajili ya udongo na hawakutoa chozi kwa mwanamke, na mwenye greda, na aliyechora bango. Na nikimaliza hao wote nabaki na mtu mmoja mwenye beji, aliyeulizwa swali dogo mchana kweupe akajibu uongo. Huyo nakaa naye humu chumbani saa ishirini na nne.

Tume iliundwa, bila shaka. Ilikuja ofisini kwangu, ikachota kijiko, ikapeleka maabara. Imara. Ikahitimisha kwamba barabara haina kasoro, na kwamba marehemu alisafiri katika kipindi ambacho udongo wa mahali pale ulikuwa bado haujakamilisha zoezi la kuiga. Wananchi wa Masela waliagizwa kuliosha gari la wagonjwa.

Nyamizi alirudi kutoka mazishini akakaa bustanini kati ya vyungu vyake. Nilikwenda kumpa pole. Hakuipokea, hakuikataa. Tope la Masela lilikuwa bado kwenye viatu vyake.

"Kabula alinipigia simu siku ile ya uzinduzi," alisema. "Alifurahi. Akasema niache kumtisha, mzee wa vipimo amemwambia itakaa."

Akainuka kwenda kuchota maji ya maua.

*

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Masela kwa kupitia mgongoni. Mitaro yote miwili niliivuka kwa mikono na magoti, na nina miaka hamsini na minane. Nilimkuta mama yao Nyamizi na Kabula nje ya nyumba, nikamwambia mimi ni nani na nilisema nini. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuchukua udongo wa pale kaburini. Hakuniuliza wa kazi gani. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akanikabidhi mpini.

Niliuanika juu ya bati siku nne, nikautwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga. Wizarani saa sita mchana watu wote huwa wanakula, na baada ya kula wanalala kidogo kwa ajili ya taifa. Nilifungua skrubu nane. Nilimwaga Udongo wa Taifa kwenye vyungu vya maua, nikabakiza kiasi cha kukoroga na maji na kupaka kioo kwa ndani. Kilipokauka, nikajaza mweusi mpaka juu, nikishindilia kwa mchi vizuri kuliko rola lilivyoshindilia kule mbugani. Juu nikanyunyizia wekundu kidogo. Nikakaza skrubu kwa nguvu zangu zote.

Siku ya Udongo inaadhimishwa uwanjani, mbele ya mabalozi. Sehemu kuu ya sherehe ni Waziri kuunywesha Udongo wa Taifa maji kupitia tundu la kifuniko, kuonyesha kwamba haubadiliki. Kawaida ni kikombe kimoja. Mwaka huo, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yanasemwa kuhusu Ndulilo, Mheshimiwa Ruhago alimimina birika zima, akangoja linywewe, akamimina la pili. Halafu akaanza hotuba. Namshukuru kwa urefu wa hotuba zake, maana udongo ule unahitaji muda.

Saa ya kwanza hakukuwa na kitu. Saa ya pili tope lilianza kuchungulia kwenye tundu, likapanda taratibu kama uji unaotaka kufurika. Saa ya tatu Waziri alikuwa anaeleza jinsi nchi za ng'ambo zinavyokuja kujifunza kwetu, kifuniko kikaanza kulia. Mabalozi walikisikia. Yeye aliongeza sauti. Alikuwa akisoma ukurasa wa arobaini na moja wakati kioo cha mbele kilipopasuka kwa mlio mmoja, na Udongo wa Taifa ukateremka mezani, mweusi, mzito, ukafunika hotuba na kumwagikia suruali yake nyeupe.

Mshereheshaji, kwa mazoea, akaomba makofi. Wachache walipiga.

*

Walinikamata palepale, na ndipo shida yao ilipoanza.

Mwendesha mashtaka ni kijana msomi, amekuja mara nne. Mashtaka aliyoyaandika ni kwamba niliuondoa Udongo wa Taifa nikaweka udongo mwingine. Nilimuuliza mwingine upi. Akasema huo mweusi, wa Ndulilo. Nikamuuliza kama anataka kusimama mahakamani, mbele ya hakimu na waandishi wa habari, aseme udongo wa Ndulilo haufanani na wa taifa. Alifunga faili akaenda kuomba ushauri.

Mara ya mwisho alikuja na karatasi iliyochapwa vizuri. Nikiri kwa maandishi kwamba udongo niliouweka ulikuwa tofauti, nifungwe miaka mitatu, yaishe. Nilisema nitasaini kwa furaha, mradi kwanza taarifa ya Nyamizi isomwe mahakamani kuanzia mstari wa kwanza, na greda lipelekwe mgongoni likafukie ile mitaro. Hajarudi. Hawawezi kunishtaki na hawataki kuniachia, kwa hiyo nipo tu. Nyamizi amekuja mara moja. Alisema watu wa Masela wamechoka kungoja greda, wameanza kuufukia mtaro wa kwanza kwa majembe na karai. Aliniletea mihogo. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Gereza hili ni jipya. Limejengwa mbugani, upande wa kusini wa mji, juu ya udongo mweusi. Barua ya mkandarasi ilipita mezani kwangu miaka miwili iliyopita, na mhuri uliopo kwenye cheti cha msingi wake ni wangu. Kwenye kona, juu ya ndoo yangu, kuna ufa. Nilipoletwa ulikuwa unapitisha wembe. Sasa kidole changu kinaingia mpaka kiungo cha pili.

Askari wa zamu anaitwa Lubango, mtu mpole, anaishi na mke na watoto wanne katika nyumba za watumishi zilizoegemezwa kwenye ukuta huu huu, upande wa pili. Jana aliniletea uji, akaona kidole changu kimo ukutani. Aliinama, akatazama ule ufa kutoka chini mpaka juu. Nje, wingu lilikuwa limetanda kusini.

"Mzee," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa wa vipimo. Huu ukuta utakaa mpaka mvua?"

Nilikitoa kidole changu, nikamtazama usoni.

"Hautakaa," nilimwambia. "Wahamishe watoto leo."